Saa za Kungoja: Mhudumu wa Ndege katika Nchi ya Waturkana



Kila tunapochapisha makala juu ya kazi za mabinti zetu, barua za wazazi hurudi kwenye swali moja. Hawaulizi sana juu ya mshahara wala juu ya sare. Huuliza juu ya saa zilizo katikati: ndege imetua, abiria wameshuka, ya kurudi ni kesho, binti yu wapi, yu pamoja na nani, na afanya nini? Mama mmoja wa Majengo, ambaye mwanawe huhudumu katika ndege ziendazo ng'ambo, alituandikia kwamba hupokea picha nzuri za majumba marefu na bustani, "lakini picha," akasema, "haisemi ni nani aliyeipiga."

Tuliona swali hilo lastahiki jibu lenye mwili, si nasaha tupu. Tukamwendea dada mmoja, mzaliwa wa Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye huu ni mwaka wake wa nne katika kazi ya uhudumu wa ndege. Jina lake ametuomba tulihifadhi, na shirika lake hatulitaji. Tungaliweza kumwuliza habari za Dubai, ambako naye alikwisha kufika. Lakini alipoanza kutusimulia Lodwar na Kakuma, kule kaskazini-magharibi ya Kenya, tuliyafunga madaftari mengine yote. Kwa mtu wa pwani, Turkana ni ughaibuni ndani ya nchi yake mwenyewe. Tuliomo katika meza hii ya uhariri tulihesabiana, tukakuta kwamba waliokanyaga Jiddah ni wengi kuliko waliokanyaga Lodwar.

Yafaa kwanza ijulikane kazi yenyewe ilivyo. Ndege ziendazo Lodwar kutoka Nairobi, nyingine zikipitia Eldoret, ni ndege za mapangaboi zisizo kubwa, na ya viti hamsini huweza kuwa na mhudumu mmoja au wawili tu. Watu hudhani kazi yao ni kumimina chai. Kwa hakika mhudumu huajiriwa kwa sababu ya moto, moshi na mlango wa dharura. Chai ni ziada. Hufunzwa kuwatoa watu ndani ya ndege kwa muda mchache mno, kumhuisha aliyezimia, na kumtuliza mwenye hofu. Katika safari za kawaida ndege hutua Lodwar, hushusha, hupakia na kuondoka bila ya mhudumu kuteremka ngazi. Saa za mapumziko hupatikana kwa safari za kukodiwa, ambapo ndege hulala ili iwarudishe watu siku ya pili, au pale upepo wa vumbi unapofunga njia. Hapo sheria ya anga humtaka mhudumu apumzike saa maalumu kabla ya kuruka tena, na mara nyingi muda huo huzidi usingizi wake. Ziada hiyo ndiyo iliyotuleta hapa.

Suala la mwanamke kusafiri bila ya maharimu lina maneno marefu. Zimepokewa Hadithi sahihi zinazolikataza, na wengi wa wanavyuoni waliotangulia walishikamana nazo. Wapo wa zama hizi waliozingatia amani ya njia na wenza waaminifu, na katika madhehebu yetu ya Shafii habari ya wanawake waaminifu wanaofuatana ilizungumzwa tangu zamani katika mlango wa Hija ya faradhi. Gazeti hili halitoi fatwa. Kila familia imwendee shekhe wake, na imwendee kabla ya mkataba kutiwa saini, si baada. Tunasimulia tu walivyofanya wazazi wa dada huyu: baba yake alikwenda mwenyewe kwa shekhe wao, kisha akamwekea binti masharti matatu. Asitoke nje ya malazi baada ya Magharibi. Asitoke mchana ila na mwanamke mwenzake. Na kila atokapo, mama yake ajue aendako kabla ya kwenda, si kwa picha baada ya kurudi. Sharti la tatu, asema, ndilo lililomsumbua mwanzoni, na ndilo ambalo leo asingeliacha, kwa kuwa limemfanya aulize mapema njia ikoje, gari ni la nani, na watarudi saa ngapi.

Lipo pia jambo la mtandio. Shirika analofanyia kazi humruhusu kujifunika, na hilo si jambo la kupita nalo haraka. Hata huko Misri, nchi ya Al-Azhar, shirika la ndege la taifa halikuwaruhusu wahudumu wake kuvaa hijabu kazini hadi mwaka 2012. Binti anayeomba kazi hii na aulize siku ya usaili, kwa adabu na kwa sauti inayosikika.

Tukamwuliza juu ya Sala, naye akatueleza kwa namna iliyotufurahisha, maana aliyajua mambo kwa hesabu. Safari yake hupita mbali marhala mbili, ambazo wanavyuoni wa Kishafii huzikadiria kilomita themanini na kitu, basi Adhuhuri, Alasiri na Isha huzipunguza kuwa rakaa mbili mbili, na huweza kuzikusanya; na madhali hanuii kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa hiyo haimwondokei. Mombasa, akatukumbusha, ni kama imewekwa moja kwa moja kusini ya Makka, ndiyo maana sisi huelekea kaskazini barabara bila ya kufikiri. Lodwar iko magharibi zaidi. Pale huelekea kaskazini kisha akageuka kidogo kulia, nyuzi kumi na mbili hivi kuelekea mashariki. Na jua la Lodwar huchwa, kwa wastani wa mwaka, robo saa hivi baada ya jua la Mombasa. Kwa hiyo katika Ramadhani mama anayempigia simu binti yake huku akimwambia "tumeshaadhini, futuru" humfuturisha kabla ya wakati wake.

Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana, mji uliokaa kando ya Mto Turkwel, ambao maji yake huanzia Mlima Elgon na kuishia ziwani. Joto la mchana hupita nyuzi 35 kwa siku nyingi za mwaka, na mvua ni chache. Mlango wa ndege unapofunguliwa, asema dada yetu, ni kama mtu aliyefunua kifuniko cha sufuria ya pilau akainamia. Mtu wa pwani hudhani alijua joto. Joto letu lina jasho. La kule hukausha jasho kabla halijatoka, na mtu huweza kupungukiwa na maji mwilini hali anajiona mkavu na mzima. Kwa hiyo hutembea asubuhi baada ya Alfajiri, na jioni kabla ya Magharibi, na mchana hukaa ndani kama wakaavyo wenyeji wenye akili.

Katika matembezi ya asubuhi mji si mgeni kama alivyotarajia. Maduka mengi ya nguo na vyakula ni ya Wasomali, msikiti upo, na nyama ya halali haitafutwi kwa taa. Kumbukumbu za mji humtaja mfanyabiashara Shah Mohamed, aliyefika ukingoni mwa Turkwel mwaka 1933 na kufungua biashara, kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Lodwar kama mji. Muislamu mwenye duka huwahi kufika kuliko barabara. Habari hiyo tunaijua tangu Tabora na Ujiji, na si ajabu kuikuta na huku. Juu ya mji, kilimani, Wakristo wamesimamisha sanamu kubwa iliyofuata ile ya Rio de Janeiro, na wageni wengi hupanda huko kwa ajili ya mandhari. Yeye hakupanda.

Alikwenda kuiona nyumba aliyowekwa Jomo Kenyatta. Baada ya hukumu ya Kapenguria ya mwaka 1953, Kenyatta na wenziwe walipelekwa Lokitaung, kaskazini zaidi ya hapa, na kifungo kilipokwisha mwaka 1959 hakurudishwa kwao bali aliletwa Lodwar, akakaa chini ya amri ya kutotoka hadi mwaka 1961 alipohamishiwa Maralal. Ni nyumba ya kawaida, na mtu aliyezoea ngome na majumba ya mawe huweza kuipita. Lakini serikali ya kikoloni ilikuwa na jicho la aina moja kwa nchi hii yote: mahali palipokuwa mbali, penye joto, penye watu ambao haikuwahesabu, paliifaa kuwa jela isiyohitaji ukuta. Jicho hilo hilo lilikiangukia kisiwa cha Manda, mbele ya Lamu, ambako wafungwa wa siasa walizuiliwa miaka hiyo hiyo, Achieng Oneko miongoni mwao. Watu wa Lamu na watu wa Lodwar hawakuwahi kukutana wakazungumza habari hiyo. Wangekutana, wangekuwa na mengi.

Lakini siku aliyoipenda kuliko zote ni ile ya ziwani. Walikuwa wanne: yeye, mhudumu mwenzake, na wauguzi wawili wa kike waliokuwa abiria wa ndege ile ile, wakakodi gari la dereva anayejulikana na wenye hoteli, wakaondoka kabla ya jua kuelekea Eliye, mwendo wa kilomita sitini na kitu wa mchanga na mawe meusi. Ziwa Turkana lina urefu unaozidi kilomita 240. Wazungu waliolifikia mwaka 1888 waliliita kwa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, na halikuitwa Turkana hadi mwaka 1975. Asilimia tisini hivi ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, nayo hayana mto wa kutokea. Huondoka kwa jua tu, ndiyo maana yana magadi. Hifadhi zake zilitiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997, na mwaka 2018 zikaandikwa miongoni mwa zilizo hatarini. Mamba ni wengi. Alipotuambia kwamba aliketi ufukoni na viatu vyake miguuni, tulimpongeza.

Eliye ni mahali ambapo maji matamu huchirizika kutoka katika mchanga, mita chache kutoka kwenye maji ya magadi, na juu ya chemchemi hizo imesimama mikoma. Hapo ndipo binti wa Kibokoni alipojikuta kwao. Mkoma ni mti wetu. Makoma tumeyaguguna utotoni mpaka meno yakauma, na chane za majani yake, ambazo sisi huziita miyaa, ndizo walizosukia bibi zetu majamvi, vikapu na makanda, hali ukindu ukiachiwa mikeka ya rangi na misala ya kuswalia. Chini ya mti huo aliwakuta wanawake wa Kiturkana wameketi, shanga zimepanda shingoni tabaka juu ya tabaka, wakifanya kazi ya mikono ambayo bibi yake angeitambua kwa mbali.

Aliwasalimu kwa maneno mawili aliyokuwa amefundishwa na dereva. Ejoka, akasema, wakacheka, wakamjibu. Kisha akachukua chane moja akaanza kusuka ukili, kama alivyofundishwa akiwa na miaka saba. Wao wakasimamisha kazi wakamtazama. Maana Waturkana hawasuki hivyo. Sisi husuka ukili mrefu kwanza, dhiraa kwa dhiraa, kisha tukauzungusha na kuushona. Wao huanza na kitako kilicho kama shilingi, kisha hupanda nacho, mzunguko juu ya mzunguko, kila mzunguko ukifungwa kwenye ule wa chini kwa sindano, hata kikapu kikasimama chenyewe kama chungu. Chake hulegea na kukunjika, chao hakikunjiki. Mwanamke mmoja wa makamo aliushika ule ukili, akaupima kwa kidole, akauliza kwa mkalimani: hiki ni kikapu cha mtu anayehama? Dada yetu hakuwa na jibu. Sisi ndio tunaokaa nyumba za mawe, na vikapu vyetu hukunjwa vikatiwa jahazini. Wao ndio wafugaji wa kuhamahama, na vikapu vyao husimama imara. Tangu atusimulie tumelizungumza suala hili ofisini mara mbili tatu, na fundi mmoja wa vikapu wa Tudor anasema jibu limo katika punda na ngamia: kikapu kinachofungwa juu ya mnyama hakitakiwi kukunjika. Huenda ni hivyo.

Alinunua viwili, kwa bei aliyotajiwa. Hilo nalo tumelisifu. Kuna ubahili ambao wasafiri huuita ujanja.

Wakati wa kurudi ndege moja ya wiki nyingine ililala Lodwar, naye akafika Kalokol, akaona nguzo za mawe zilizosimama jangwani, ambazo Waturkana huziita Namoratunga, watu wa mawe, na husimulia kwamba ni wachezaji waliogeuzwa. Akaona pia jengo la kiwanda cha samaki lililojengwa kwa msaada wa Norway, ambalo halikufanya kazi liliyojengewa. Kugandisha samaki katika joto lile kuligharimu mno, na ghuba yenyewe ikapungua maji. Haya tunayapita, kwa kuwa Kakuma yatungoja.

Kakuma iko kilomita mia na ishirini hivi kaskazini-magharibi ya Lodwar, katika njia iendayo Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Magazeti ya ng'ambo yamependa kuandika, na kunakiliana, kwamba jina hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Sisi ndio wenye lugha, na neno hilo hatulijui. Ni jina la mji wa Kiturkana uliokuwapo kabla ya kambi, na wenyewe wana haki ya kutoambiwa kwamba walipo si mahali.

Kambi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana maelfu waliokimbia vita vya Sudan kwa miguu. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa jirani yake katikati ya muongo uliopita, ina watu wanaokaribia 300,000, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Ripoti ya IFC, tawi la Benki ya Dunia, ilihesabu mwaka 2018 biashara zaidi ya 2,000 kambini na mjini. Watano wa wanariadha wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, ile ya Rio mwaka 2016, walitoka hapa. Na hapa alizaliwa, mwaka 1997, Halima Aden, mtoto wa Kisomali aliyekwenda Marekani utotoni, akawa miongoni mwa wanamitindo wa kwanza wenye hijabu kutokea katika magazeti makubwa ya mavazi, kisha mwaka 2020 akaiacha kazi hiyo kwa kuona kwamba inamvutia mbali na dini yake. Kabla ya kuiacha alirudi Kakuma, mwaka 2018, akahutubia pale pale alipozaliwa. Mabinti wengi wanazo picha zake katika simu. Wachache wanajua alizaliwa safari ya siku mbili kwa basi kutoka Mombasa.

Dada yetu hakufika Kakuma kwa matembezi, na tunasisitiza jambo hili kwa vijana: kambi si mahali pa kutalii. Kuingia kunahitaji kibali cha Idara ya Huduma za Wakimbizi, kupiga picha ni habari nyingine, na wakaao humo hawakujiweka hapo ili waonwe. Alifika kwa kazi. Kwa miaka kadhaa ndege za kukodiwa zilikuwa zikitua kwenye uwanja wa changarawe wa Kakuma kuwachukua wakimbizi waliokubaliwa kuhamia nchi za mbali, kuwapeleka Nairobi na kutoka huko Marekani, Kanada, Australia. Hao ndio abiria anaowakumbuka. Kila familia na mfuko mweupe wa plastiki wenye alama ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambamo mna karatasi zote za maisha yao, na wasiouachia hata wakiambiwa uwekwe juu. Wamefundishwa siku chache namna ya kufunga mkanda na kutumia choo cha ndege, lakini kufundishwa ni kwingine na kupaa ni kwingine. Mama mmoja alimshika mkono tangu magurudumu yalipoondoka mpaka taa za mikanda zilipozimika. Mwingine alimwuliza kwa kunong'ona kama yaruhusiwa kunyonyesha. Yeye akavua mtandio wa ziada alioubeba begani akamsitiri, akasimama mbele yake akijifanya kupanga vikombe. Jambo hilo halimo katika kitabu cha mafunzo, asema, lakini mtandio wa ziada haukosi tena mkobani mwake.

Siku moja upepo wa vumbi uliizuia ndege isiruke, wakalala Kakuma katika makazi ya wafanyakazi. Asubuhi, mfanyakazi mmoja wa kike wa shirika la misaada alikwenda kumtembelea bibi mmoja mgonjwa, na kwa kibali akamchukua pamoja naye. Wakafika kwenye nyumba ya mabati iliyofagiliwa, na mlangoni pana kizingiti cha mawe yaliyopangwa. Dada yetu akatoa salamu, kisha kwa mazoea ya kwao akasema, "Shikamoo, bibi."

Bibi akainua uso. "Marahaba, mwanangu. We wa wapi, wewe?"

"Mombasa, bibi."

"Mombasa ipi?"

"Kibokoni."

"Kibokoni!" akasema bibi, akanyamaza kitambo. "Pale msikitini pakiuzwa mahamri asubuhi. Bado pauzwa?"

Alikuwa mtu wa Barawa. Wasomaji wetu watu wazima hawahitaji kuelezwa. Vijana na waambiwe na wazazi wao. Vita vilipoiangusha serikali ya Somalia mwaka 1991, watu wa Barawa na wa Mogadishu walikuja Mombasa kwa majahazi, miongoni mwao Wabarawa wanaosema Chimiini, ambacho ni tawi la Kiswahili. Pwani ikajaa kambi: Utange, Jomvu, Swaleh Nguru, Marafa kule upande wa Malindi. Wengi wetu tulisoma madrasa na watoto wao. Kisha, kabla muongo ule haujaisha, serikali ikazifunga kambi za pwani, na waliokuwa hawajapata pa kwenda wakatiwa mabasini kupelekwa Dadaab na Kakuma. Mji ukapumua, kiwanja kikarudi kuwa kiwanja, nasi tukaendelea na shughuli zetu. Mwaka 2002 walifuata wengine, Wabantu wa Somalia maelfu, waliohamishwa kutoka Dadaab hadi Kakuma wangoje kuhojiwa kwa safari ya Marekani. Baadhi yao walikuwa wangali wanasema Kizigula, lugha ya Handeni, ambayo babu zao walikwenda nayo katika utumwa karne ya kumi na tisa.

Bibi yule watoto wake wawili walikubaliwa, wakaondoka kwa nyakati mbalimbali; wote wako Marekani. Faili lake lilichelewa, likarudi, likachelewa tena, mpaka akaambiwa zimebaki hatua za mwisho. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilitia saini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na safari zikafutwa, hata za waliokwisha kufunga mizigo. Mwaka huo huo fedha za misaada zikapunguka na mgao wa chakula kambini ukapunguzwa sana. Ndege ambazo dada yetu alizihudumia hazikuja tena kuchukua watu. Anapofika Kakuma sasa, na si mara nyingi, hushusha wafanyakazi na kuwapandisha wafanyakazi.

Tulimwuliza alijisikiaje. Hakutaka kujibu kwa maneno makubwa. Alisema tu kwamba katika kazi yake saa za kungoja huhesabiwa na sheria: zikipita kiasi, mtu hulipwa, au hupelekwa hoteli, au hubadilishwa zamu. Akatuuliza nasi, tangu mabasi yale yatoke Mombasa, imepita miaka mingapi? Tukahesabu. Inakaribia thelathini.

Wapo waliotaka tuandike hapa namna ya kutuma sadaka. Tumewasiliana na maimamu wanaoshughulika na mambo ya wakimbizi, na anwani za kuaminika zitabandikwa kwenye mbao za misikiti. Hatuzichapishi gazetini, kwa sababu wazee wetu wamekwisha kutapeliwa mara nyingi kwa nambari za simu zilizochapishwa. Walio na jamaa wa Barawa waliohamishwa miaka ile na ambao habari zao zilikatika, watuletee majina kwa mkono, siku za Jumamosi baada ya Adhuhuri.

Bibi hakuomba pesa. Alipoulizwa alitamani nini kutoka Mombasa, alifikiri sana, akataja halua ya dukani si ya kopo, na leso moja ambayo jina lake awe amelichagua mwanamke, si mwenye duka. Dada yetu ameandikiwa safari ya Kakuma wiki ijayo, ndege italala usiku mmoja, na kibali kimeombwa. Halua itanunuliwa jioni ya kabla ya safari ili isikauke. Leso imekwisha kununuliwa Biashara Street; alikaa dukani saa nzima akizifunua moja moja na kusoma majina yake, na aliyoichagua amekataa kutuonyesha.